Moshi wa Kuni Tupu

Nimerudi Bagamoyo nikiwa nimevaa viatu. Nalitanguliza hilo, rafiki yangu, kwa sababu mara ya kwanza nilipoingia mji huu sikuwa na viatu, na hata miguu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa mali ya mtu aliyenitoa bara akanileta pwani pamoja na pembe zake za ndovu, nami nilikuwa mdogo kiasi cha kubebwa nikichoka. Leo nina hati ya ualimu yenye mhuri, iko ukutani ndani ya kioo, na wanawake wa pwani hii wenye hati kama yangu ukiwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vitabaki. Nimefundisha Unguja, nimefundisha Tanga. Wako makarani leo wanaovaa kofia na kutembea na fimbo, ambao mimi ndiye niliyewashika mkono wakachora herufi ya kwanza. Nimejenga nyumba ya mawe yenye paa la bati. Sioni haya kuyasema haya. Aliyepanda kilima kwa miguu yake anayo haki ya kusema kwamba huko juu kuna upepo mzuri.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba hiyo nilifungua dirisha, na moshi wa jirani ukaingia. Kabla sijaangalia unatoka upande gani, nilikuwa nimekwisha kuunusa. Ndiyo tabia yangu. Walimu wenzangu wamenicheka miaka mingi. "Bibi mwalimu," walikuwa wakisema, "wewe kila mtaa ukipita unaunusa kama paka aliyesikia dagaa." Niliwaacha wacheke. Hawakujua kwamba niko hai kwa sababu ya pua ya mtu.

Basi kaa, nikueleze.

Kitongoji chetu kilikuwa kati ya mji na Kaole, nyumba chache za udongo na makuti, na kanisa dogo ambalo nalo lilikuwa la udongo na makuti, ila lilikuwa na kengele. Wakazi wake wengi walikuwa watu kama mimi, waliotolewa utumwani, wakabatizwa, wakapewa kiwanja na jembe. Watu wa Kaole walituita "watu wa kengele," nao wengine walilisema kwa dharau na wengine kwa utani tu. Tulilima mihogo na mahindi, tulisuka makuti, na siku misafara iliposhuka kutoka bara tulisikia baragumu na ngoma za wapagazi hata kabla hawajafika mtoni, na sisi watoto tukakimbia kwenda kuwatazama. Bibi hakukimbia. Aliposikia ngoma zile aliingia ndani akafanya kazi yoyote iliyo karibu, hata kama alikuwa amekwisha kuifanya.

Bibi huyo hakunizaa, wala hakumzaa aliyenizaa. Nilikabidhiwa kwake kama mtu anavyopewa kifaranga. Baadaye akapewa mwingine pia, mtoto wa kiume aliyekuwa hajaota meno yote ya mbele, naye nikamwita mdogo wangu. Hatukufanana pua wala rangi, na hata lugha za mama zetu zilikuwa mbalimbali, lakini jioni tulilala mkeka mmoja, na mtu akituuliza sisi ni akina nani tulijibu, "Sisi ni wa bibi," na jibu likatosha.

Sasa kuhusu moto. Siku zile kibiriti kilikuwa kitu cha dukani kwa Mhindi, cha kutazamwa. Moto tuliazima. Asubuhi mtoto alitumwa na kigae cha chungu kilichovunjika, akasimama mlangoni kwa jirani, akasema, "Hodi, naomba moto." Akiingia huwekewa makaa mawili matatu juu ya kigae, naye kabla ya kutoka husukuma kuni moja ndani ya mafiga ya mwenye nyumba, ili moto aliopunguza uongezeke tena. Hapakuwa na asante. Moto kwetu haukushukuriwa, maana leo ni wangu, kesho ni wako.

Na moto ambao haukuzimika kitongojini petu ulikuwa wa bibi. Aliulisha kuni za mkoko, zile zinazowaka polepole na kaa lake hudumu, na alipolala aliufukia kwenye majivu kama mtu anavyomfunika mtoto. Si kwamba alipenda tu moto. Juu ya mafiga alikuwa na uchaga wa fito, na juu ya uchaga aliweka mahindi ya mbegu, yamefungwa vichala kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Moshi ndio uliokuwa ukifukuza fukusi. Moto ukizimika siku kadhaa, fukusi huingia, na msimu ukifika unapanda unga. Kwa hiyo moshi wetu ulipenya makuti mchana kutwa, na mtu akiwa njia ya Kaole alituona kwa mbali.

Bibi alikuwa na maneno yake juu ya mbegu zile. Alisema, "Chakula ni changu, mbegu ni amana ya Mungu. Ukimlia Mungu amana yake, riziki utamwomba kwa uso gani?" Tuliposali pamoja, akifika pale pa kuomba chakula cha siku ile, alinyamaza kidogo, kama mtu aliyeita mlangoni akangoja kusikia hatua ndani ya nyumba. Kisha aliendelea. Nimesali na watu wakubwa tangu wakati ule, watu waliosoma kuliko mimi, na hao si wengi. Sijamwona mwingine anayengoja pale.

Ukaja mwaka ambao masika hayakuja. Mawingu yalijikusanya upande wa bahari, yakazunguka, yakaenda zake. Mahindi yalichipua mashambani yakafika magotini, yakageuka rangi ya mkeka. Tulichimba mihogo kabla ya wakati wake, mizizi kama vidole vya mtoto. Tulikula mapapai mabichi ya kuchemsha, tukala mlenda bila kitu cha kuchovya, na waliolijua pori walichimba viazi vya mwitu vinavyotaka kulowekwa sana visije vikakulevya. Hata misafara ilipungua, na wapagazi walioshuka walikuja wamekonda, wakitazama vyungu vya watu. Tulisikia kwamba huko ndani kuna waliowapeleka watoto wao kwa matajiri wa mjini ili wapate mtama. Bibi aliposikia habari ile alituita mimi na mdogo wangu tukae karibu naye, na siku ile hakututuma mbali.

Kanisa letu dogo lilikuwa na mwalimu wa dini, kijana mwembamba, mwenye sauti nzuri. Alipata magunia ya mtama kwa ajili ya wenye njaa, si mengi, na mzigo wa kuyagawa ukawa wake. Sasa mwalimu yule alikuwa na moyo mwororo. Hakupenda kumwona mtu mzima akisimama na kibaba mkononi kuomba. Basi alibuni njia yake. Asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kuamka, alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kanisa akatazama mapaa. Paa lenye moshi, humo wanapika. Paa lisilo na moshi, humo hakuna cha kupika. Hapo alishuka na kapu lake, akaacha mtama mlangoni pa nyumba zisizo na moshi, akapita bila kuuliza neno. Hakuna aliyeaibika. Ilikuwa njia ya mtu mwema, nami hata leo siwezi kuilaumu.

Ila nyumba yetu ilikuwa na moshi.

Mwanzoni tulikuwa na makopa bado, mihogo mikavu kidogo, na bibi alifurahi kwamba kapu linawapita wasio na haja. Makopa yakaisha. Moshi haukuisha, kwa kuwa mbegu zilikuwa uchagani. Mwalimu alipita mbele ya mlango wetu akisema kwa furaha, "Shikamoo mama! Namshukuru Mungu, kwako moto unawaka."

"Marahaba, mwanangu," bibi alijibu. "Unawaka. Lakini moto si chakula."

Sasa tabu ya bibi ilikuwa hii: alisema mithali asubuhi mpaka jioni. Siku aliyosema jambo lililo kweli tupu, mwalimu alidhani ni mithali nyingine. Alicheka, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, na Jumapili akasimama kanisani akafundisha maneno yale yale, kwamba bidii bila upendo haifai kitu, kwa maana, kama alivyosema mama yetu mmoja, moto si chakula. Watu wakageuka kumtazama bibi. Mke wa seremala, aliyekaa nyuma yetu, akamgusa bega akamnong'oneza, "Leo umekuwa mhubiri." Bibi aliweka mikono magotini. Tuliporudi nyumbani nilimwambia, "Bibi, mwambie tena. Mwambie wazi." Akasema, "Nimesema mara moja. Mwenye kusikia yuko."

Si kila mtu alikuwa na subira hiyo. Watu walikwisha kuijua njia ya mwalimu, na baadhi yao waliacha moto wao uzimike, au waliufunika kwa chungu, mpaka kapu lipite. Na lilipokwisha kupita, unafikiri walipata wapi moto wa kupikia mtama ule? Walikuja kwetu. Mlango wetu haukutulia. "Hodi, naomba moto." "Hodi, kaa moja tu." Wanawake walisimama na vigae, mimi nikiwachotea kaa, tumbo langu likinguruma hata nikakohoa ili lisisikike. Kila mmoja alisukuma kuni yake katika mafiga kama ilivyo desturi, na moshi wetu ukazidi kuwa mnene. Asubuhi mwalimu akiwa juu ya kichuguu, hapakuwa na paa lililoonyesha shibe kama letu.

Mke wa seremala ndiye aliyesema. Alikuwa mcheshi, na hata katika njaa ile hakuacha mdomo wake. "Mama wa moto," alimwambia bibi, "mbona wewe kapu hulipati? Zima huo moto asubuhi moja tu. Mwalimu akikuta paa lako baridi atakuletea."

"Nimwambie mwalimu uongo kwa moshi?"

"Si uongo. Ni kunyamaza."

"Na mbegu?"

"Mbegu!" Mke wa seremala alitazama juu uchagani akapiga kofi. "Sisi zetu tulizila zamani, mwenzangu. Mbegu unampandia nani, mvua yenyewe haipo?"

Bibi alimwekea kaa kwenye kigae chake. "Chukua moto," alisema. "Ukichelewa, mumeo atakula mbao."

Yule alicheka akaenda zake. Usimwone mbaya. Yeye hakujua hali yetu. Chungu chetu kilikuwa juu ya mafiga na kifuniko chake, kinatoa mvuke, kama chungu cha mtu yeyote. Ndani yake yalikuwa maji. Bibi alituchemshia maji tunywe ya moto, maana maji ya moto hudanganya tumbo zaidi kuliko ya baridi.

Mimi nilivumilia. Nasema hivyo kwa fahari, na watu walioniona baadaye nikisoma kwa tumbo tupu huko chuoni hawakujua ni wapi nilikojifunza. Lakini mdogo wangu alikuwa mdogo. Kwanza aliacha kucheza, akawa anakaa tu kwenye kivuli cha ukuta akifuata kivuli kinavyosogea. Kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha bibi. Siku moja baada ya adhuhuri nilimwita hakunyanyua kichwa. Midomo yake ilikuwa imepauka, na mkono wake nilipoushika ulikuwa mwepesi kama ganda la muhindi.

Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha alisimama, akanyoosha mkono uchagani, akateremsha kichala kimoja cha mbegu. Alikifuta masizi kwa upindo wa kaniki yake. Punje zilionekana, nyekundu na nyeupe, ngumu, zinang'aa. Mate yalinijaa kinywani mpaka nikaona haya.

"Mbegu ni ya mwakani," alisema, na hakuwa akisema nami. "Mtoto ni wa leo."

Alikaa na kile kichala juu ya magoti yake. Nilingoja aanze kupukuchua. Hakuanza. Akasema polepole, kama mtu anayefanya mapatano na mwenziwe, "Nitamngoja Mungu mpaka adhana ya magharibi. Simjaribu, namngoja tu. Adhana ikilia bila kitu, nitapika amana yake, na yeye mwenyewe atanihukumu."

Ndiyo, aliweka saa yake kwa adhana. Kengele yetu ililia wakati mwalimu alipokumbuka, lakini mwadhini wa Kaole hakukosea hata siku moja, na upepo ukivuma toka kusini sauti yake ilitufikia vizuri. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Nami nikangoja. Ewe rafiki yangu, nimengoja mambo mengi maishani. Nimengoja majibu ya mtihani nikiwa nimesimama uani pamoja na wasichana waliokuwa wakitetemeka, na mimi sikutetemeka. Sababu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kungoja alasiri ile. Kivuli cha ukuta kiliufikia mlango, kikaupita. Hapakuwa na kuku, maana tulikwisha kuwala. Palikuwa na moto unaolia taratibu, na chungu cha maji, na bibi na kichala chake, midomo ikienda bila sauti.

Kisha tukasikia, "Hodi."

Alikuwa jirani yetu wa upande wa Kaole, mwanamke mtu mzima, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa pale pale, mwenye shamba la mihogo bondeni palipobaki na unyevu kidogo. Yeye na bibi walitaniana tangu mimi kupata akili. Siku ile moto wake ulikuwa umezimika, naye alihitaji wa futari.

"Karibu," bibi alisema, akakificha kichala chini ya upindo. "Mbona umekuja mwenyewe? Mjukuu yuko wapi?"

"Kalala. Saumu imemshinda, naye hata kufunga hajaanza." Alinyoosha kigae chake. Nikainuka kumchotea kaa, lakini yeye hakukitazama kigae. Alikuwa ameinua uso, pua juu, kama mtu anayesikiliza.

"Mwenzangu," alisema, "unapika nini?"

"Wewe umefunga. Utauliza chungu cha mtu?"

"Ndiyo maana nauliza. Mtu aliyefunga hana macho wala masikio, mwezi huu mimi ni pua tupu. Nimetoka kwangu mpaka hapa nanusa. Kwa seremala mtama unaungua, mwambie mkewe. Kwa yule mvuvi kuna kichwa cha papa. Nimefika kwako, moshi mwingi kuliko wote, na chungu kinachemka." Alivuta pumzi tena. "Nanusa mkoko. Nanusa kuni tupu."

Bibi aliuvuta upindo wa kaniki yake.

Yule mama alipita mbele yangu, akachuchumaa, akafunua kifuniko kwa mkono wake, jambo ambalo mgeni hafanyi. Mvuke ulimpanda usoni. Alitazama maji yale. Kisha akageuka akamwona mdogo wangu kwenye mkeka, akamwona na bibi, na ile ncha ya ganda la muhindi iliyotokeza chini ya kaniki.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, na mimi jirani yako nisijue?" Sauti yake ilipanda. "Sisi tunafunga kwa amri, jua likizama tunakula. Nyinyi watu wa kengele mnafunga saumu ya nani hii isiyo na magharibi?"

Alitoka bila moto. Kigae chake kilibaki mikononi mwangu. Nilidhani amekasirika hatarudi, na bibi naye nadhani aliwaza hivyo, kwani alikitoa kichala akakiweka tena magotini. Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya minazi.

Alirudi na sufuria kichwani. Nasema sufuria, maana yeye alikuwa nayo ya shaba. Ndani yake mlikuwa na uji wa mtama, mwembamba, uliotiwa tui la nazi, ambao mkwewe alikuwa ameupika kwa moto wa kuazima nyumba nyingine, na juu ya uji, katika jani la mgomba, vipande vya mhogo. Ilikuwa futari ya nyumba yake. Alikaa chini, akamweka mdogo wangu mapajani, akachovya kidole chake katika uji akampaka midomoni. Mtoto akalamba. Akachovya tena. Alikuwa hajafungua bado, na harufu ya nazi ilikuwa imejaa nyumba nzima, lakini kidole kile hakukipeleka kinywani mwake hata mara moja.

Mdogo wangu alipomeza mara ya pili au ya tatu alianza kulia. Sijasikia wimbo uliopita kilio kile.

Na hapo ndipo adhana ilipolia.

Bibi alisimama na kichala chake, akanyoosha mkono, akakirudisha uchagani. Alipokaa tena uso wake ulikuwa umelowa, naye alikuwa akicheka. "Amekuja kabla ya saa yake," alisema.

"Nani?" yule mama aliuliza.

"Niliyekuwa nikimngoja."

"Mimi nimefuata pua yangu tu," alisema jirani, akasema bismillahi, akafungua saumu yake kwa maji yetu ya moto kutoka chungu kile kile. "Aliyenipa pua mshukuru wewe kwa njia yako, nami nitamshukuru kwa yangu. Leteni mikono, mle."

Kesho yake habari ilikuwa imezunguka kitongoji chote, maana jirani yule aliupitia kila mlango akiutoa ukali wake. Mke wa seremala alikuja wa kwanza, bila kigae. Alikuwa na mtama katika ungo. Aliuweka chini na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Wakaja na wengine, mmoja na mlenda, mwingine na kipande cha samaki. Vitu vidogo vyote. Lakini vilikuwa vimepikwa kwa moto wetu, na moto ule ulikuwa unarudi nyumbani umebeba kitu. Mwalimu alikuja akapiga magoti mbele ya bibi kama mtoto, akasema, "Mama, uliniambia, nami nikakuhubiri." Bibi alimwinua. Toka siku ile mwalimu hakupanda tena kichuguu. Aliingia nyumba kwa nyumba akafunua vyungu kwa mkono wake, na walioona haya waliona haya wakiwa wameshiba.

Tuliishi. Njaa haikuisha siku ile, usidhani hivyo. Kuna tuliowazika. Lakini vuli ilipofika mvua ilinyesha, na watu wakatoka na majembe wakakumbuka kwamba hawana cha kufukia ardhini. Bibi aliteremsha vichala vyote, akakaa mlangoni, akapukuchua. Kila nyumba ilipata konzi yake. Konzi ya kwanza kabisa ilikwenda ng'ambo, upande wa Kaole, nami ndiye niliyeipeleka. Msimu ule ukisimama njiani uliona mahindi ya kitongoji na mahindi ya jirani yetu yakiwa na punje zilezile, nyekundu na nyeupe. Bibi alipita kati yake mikono nyuma, kama liwali anayekagua askari, na mimi nikimfuata mikono nyuma vilevile. Kiburi changu sikukipata chuoni. Nilikirithi pale.

Sasa nimerudi na kitongoji hakipo. Miaka michache baada ya njaa vita vilifika pwani, nyumba zile zikaungua, watu wakatawanyika. Bibi alimaliza siku zake akiwa mzee, na mdogo wangu ni fundi wa mawe huko Tanga, mtu mnene, watoto wake wanamwogopa. Kichuguu bado kipo. Pale palipokuwa mafiga yetu pameota mihogo ya mtu nisiyemjua, na nilisimama hapo na viatu vyangu nikitafuta hata jivu.

Kitu nilichokikosa zaidi ni sauti ile ya "hodi, naomba moto." Siku hizi kila nyumba ina kibiriti. Asubuhi milango inafunguliwa, kila mtu anawasha wake, na hakuna sababu ya kuingia kwa mwenzio ukaona chungu chake kina nini. Kibiriti kimetupunguzia safari, kimetupunguzia na jirani. Nami naamini kwa moyo wote kwamba Mungu bado anapeleka riziki kila mlango, ila zamani alikuwa na wajumbe wengi zaidi waliokuwa wakipita na vigae.

Juzi nilifanya jambo ambalo wasomi wenzangu wakilisikia watasema nimezeeka. Niliokota kigae, nikaenda njia ya Kaole mpaka nyumba ya mjukuu wa jirani yetu, yule aliyekuwa amelala siku ile kwa kushindwa na saumu. Sasa ni mama mtu mzima, na hakunijua. Nikasimama mlangoni.

"Hodi. Naomba moto."

Alinitazama, gauni langu na viatu vyangu. "Karibu, mwalimu," alisema, maana sura ya ualimu haifichiki, na habari ya nyumba yangu mpya ilikuwa imeshamfikia. "Na hilo bati lako lote, kibiriti huna?"

"Sina," nikasema, na kilikuwa mfukoni.

Alicheka, akaniwekea kaa. Nilisukuma kuni moja ndani ya mafiga yake, na hapo akaacha kucheka, akanitazama vizuri, kwa sababu desturi ile watu wa leo hawaijui. Akafunua chungu chake bila kuuliza, akatoa kipande cha mhogo wa nazi, akakifunga katika jani. "Asiyekuwa na moto hajala," alisema. "Bibi yangu alikuwa akisema hivyo."

Nimekula mezani kwa wakubwa, kwa uma na kisu. Mhogo ule niliula njiani, nimesimama, kigae cha moto mkono mmoja, na sikubakiza ila ule uzi wake wa katikati.